Simoni Hakuitwa

Mjeledi wa kwanza ulichana mgongo wa Bruno, na watu wakafanya ishara ya msalaba wakidhani damu ile ni rangi. Rangi gani hiyo inayorukia viatu vya watu?

Fortunato alijua si rangi. Alikuwa kwenye kona ya kanisa, peku, amevaa kanzu ya Simoni wa Kirene, akingoja. Katika kijiji kile cha milima ya Calabria, kusini mwa Italia, mchezo wa mateso ya Yesu wa Ijumaa Kuu una desturi yake: Simoni hajipeleki msalabani. Askari wa Kirumi humkamata, humburuta, ndipo anaubeba. Asipoitwa, atulie.

Na mwaka huu nani angemwita? Askari wote walikuwa ndugu na mashemeji wa Saverio, na jemadari ni Saverio mwenyewe, yule aliyemuua kwa risasi Nunzio mchunga mbuzi pale kisimani. Bruno aliona, akaenda kusema polisi. Fortunato naye aliona, maana walikuwa pamoja, lakini alipoulizwa alidai alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Ushahidi wa mtu mmoja haukutosha, Saverio akarudi nyumbani anacheka. Tangu hapo Fortunato akawa mtu wa rozari, asubuhi na jioni, mpaka magoti yakaota sugu. "Nakuombea, ndugu yangu," alimwambia Bruno kila walipokutana. Kisha kura ya kuwa Yesu ikamwangukia Bruno, na Bruno hakukataa.

"Inuka, mfalme!" Saverio alinguruma. "Si una mdomo wewe? Ongea basi!"

Bruno akaanguka chini ya msalaba aliobeba. Buti likamwingia ubavuni, mfupa ukalia ko! Mpini wa mkuki ukamshukia kichwani. Jamani, mtu anauawa mchana kweupe, na kijiji kizima kinaimba! Padri naye katangulia mbele, macho kwenye kitabu.

Salamu Maria, Fortunato akasali. Mjeledi. Salamu Maria. Mjeledi. Ghafla akajichukia. Akaivaa rozari shingoni ili mikono iwe huru, akawapita askari, akaingiza bega chini ya msalaba.

"We! Nani kakuita?" Saverio akafoka.

"Hakuna."

"Rudi ukafunge viatu, mwoga mkubwa!"

"Sina viatu leo. Saverio, nilikuona!" Alipaza sauti hadi madirishani. "Ulimpiga Nunzio mgongoni, kainama anakunywa maji!"

Wimbo ukakatika. Mpini ukamtwanga mdomoni, meno mawili yakamtoka. Akapiga magoti, akainuka. "Nilikuona!" Wakampiga tena. Akarudia, maneno yakitoka nusunusu pamoja na damu.

Hapo mama yake Nunzio, Immacolata, amevaa nyeusi za msiba tangu kitambaa hadi soksi, akawapangua askari kwa viwiko. Saverio aliinua mjeledi, akaona macho ya kijiji yote yamemgeukia, mkono ukabaki hewani.

"Ulikuwa wapi mwaka mzima?" mama akamuuliza Fortunato.

"Nilikuwa nasali, mama."

Akamzaba kofi lililompasua mdomo upya. Kisha akainama, akashika mkia wa msalaba, akawageukia waliojipanga kando ya njia.

"Na nyie je? Mnaendelea kuimba?"