Mabomba ya Moshi ya Zakaria

Siku ile ya matanga kule Gatete, Zakaria aliingia uani na pikipiki yake kama kawaida, akazima injini na kuvua kofia ngumu. Alipoinua macho akakuta watu wote wamemgeukia. Shehe aliyekuwa akisoma alikuwa amefunga msahafu juu ya kidole chake. Mama mmoja alikuwa amemziba mwanawe masikio. Zakaria akatoa salamu, akakaa mkekani, kisomo kikaendelea, na yeye hakuelewa kosa lake lilikuwa nini mpaka waliporudi nyumbani Rumonge, yeye kwa pikipiki, mkewe Aziza kwa basi dogo.

Aziza alimsogelea ndipo akasema. Zakaria alikuwa hasikii maneno ya mtu aliye mbali. Umri wake wote wa kazi alikuwa ameendesha mabasi ya Bujumbura na Nyanza-Lac, na injini zilikuwa zimemla masikio kidogo kidogo.

"Baba Radjabu, ile pikipiki inanguruma mpaka watu wanashindwa kuomba dua," alisema. "Mimi nilijua umefika tangu uko kwenye barabara kubwa."

"Iko na kelele kiasi hicho?"

"Iko na kelele kuliko mashine ya kusaga. Nilipoacha kupanda nilikuambia kichwa kinaniuma. Haikuwa kichwa. Nilikuwa naona haya."

Hilo la kichwa Zakaria alikuwa ameliamini.

Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari, ya zamani, yenye masanduku mawili nyuma na kiti kipana kama kochi. Aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka Afrika, safari ikamchosha hapo Rumonge, akapanda basi na kuiacha. Radjabu na wadogo zake walipokwisha kuolewa na kuoa, Zakaria na Aziza walijipa desturi yao: kila baada ya Idi wanafunga kitambaa kichwani, wanapakia mawese kwenye masanduku, wanafuata ziwa mpaka Nyanza-Lac kwa Mwasiti, mdogo wake Aziza. Wenzao wa rika lao walikaa barazani. Wao walikuwa barabarani. Idi mbili zilizopita, Aziza alikwenda kwa basi.

Kesho yake asubuhi Zakaria alipiga magoti nyuma ya pikipiki. Akapitisha kidole chini ya bomba la moshi la kushoto, kidole kikazama. Kutu ilikuwa imelila bomba kutoka ndani, juu likabaki linang'aa na chini hakuna kitu. La kulia lilikuwa vile vile. Alikuwa akiyapangusa kila Ijumaa na hakuwahi kuyatazama tumboni.

Mabomba ya aina ile hayakupatikana popote. Muuza vipuri mmoja wa Bujumbura akamtumia jozi iliyotolewa kwenye pikipiki ya aina nyingine, ikafika imefungwa kwenye gunia juu ya basi. Exaucé, fundi wa kuchomelea aliyekuwa jirani yao, mtu wa Uvira mwenye mikono mizuri, alikuja kuyatazama.

"Amahoro, muzee. Hizi shingo zake ni pana kuliko za kwako," alisema karibu na sikio lake. "Nipe nikate za zamani na mashini, niunge. Saa moja tu, tunamaliza."

"Ukikata hautaweza kurudisha. Ngoja nijaribu kufungua kwanza."

"Bolti zimeshikana na kutu, muzee. Ukilazimisha itavunjikia ndani."

"Sitalazimisha."

Na kweli hakulazimisha. Alizilowesha bolti kwa mazutu, yale mafuta ya dizeli, akaziacha zinywe. Siku iliyofuata akaazima jiko la gesi la Exaucé, akaipasha bolti ya kwanza moto, kisha akaigusa kwa mshumaa. Nta ikayeyuka, ikavutwa ndani ya nyuzi za bolti. Akaweka spana, akasukuma kidogo mbele, kidogo nyuma, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Bolti ikatoa mlio ambao hakuusikia lakini aliuhisi kwenye kiwiko. Ikageuka. Zote zilitoka hivyo, isipokuwa moja ya upande wa kulia, iliyomtesa mpaka adhuhuri. Ilipotoka, aliiweka juu ya kiganja na kuitazama kama jino.

Aziza alikuwa akichambua maharage mlangoni. Zakaria alipouliza kama kuna kopo la bati, aliinuka mwenyewe, akahamishia maziwa ya unga kwenye bakuli na kumpa kopo lao. Zakaria akakata utepe wa bati, akauzungushia shingo nyembamba iliyobaki kwenye pikipiki ili unene ukubaliane na wa bomba jipya, akachomeka, akakaza kibano. Upande wa kushoto ukakaa sawasawa. Wa kulia ukakaa sawasawa. Pikipiki ilionekana imevaa viatu vya mtu mwingine, lakini vya kiasi chake.

Petroli ilikuwa adimu mji mzima. Alikuwa na kidumu kidogo tu alichokitunza chini ya kitanda. Akamimina kidogo, akawasha.

Yeye alihisi mtetemo tu. Akamtazama mkewe usoni, na uso wa Aziza haukumfurahisha.

"Sema," alisema.

Aziza akaacha maharage, akaja akainama kando ya injini, kichwa kimeegemea upande mmoja. Akazunguka kushoto, akarudi kulia. Kisha akamshika Zakaria bega.

"Huku kushoto imenyamaza. Huku kulia kuna kitu kinapiga, tap, tap, tap. Kama mutu anatema mate."

"Nyuma au mbele?"

"Mbele. Nyuma ni kuzuri."

Zakaria akazima haraka, asimalize petroli. Alipokuwa akisubiri injini ipoe, akakoroga sabuni ya kufulia kwenye bakuli mpaka povu likawa zito, akalipaka pale bomba linapoingia kwenye injini. "Washa wewe," alimwambia mkewe.

Aziza hakuwa amewahi kuiwasha. Alikunja kitenge, akapanda, akabonyeza kitufe alichoonyeshwa. Injini ikaamka, na Zakaria, uso wake karibu na povu, akaona vipovu vikivimba na kupasuka mahali pamoja, chini ya shingo. Akacheka peke yake. Kile ambacho masikio yake hayakuweza kumpa, macho yalikuwa yamekipata.

Ilikuwa pete ya shaba nyekundu inayoziba kiungo. Ilikuwa imekakamaa kwa uzee, haiumani tena na chuma. Pete nyingine hakuwa nayo, lakini dawa yake aliijua tangu enzi za mabasi. Akaitoa, akaiweka kwenye makaa ya mbabula ya Aziza, sufuria ya maharage ikasogezwa kando. Pete ikawa nyekundu. Akaichota kwa koleo na kuitumbukiza majini, na ilipotoka ilikuwa laini, inapinda kwa vidole. Akairudisha mahali pake, akakaza taratibu, bolti hii kidogo, bolti ile kidogo.

Aziza ndiye aliyewasha tena, bila kuombwa. Akasikiliza kushoto. Akasikiliza kulia. Exaucé aliyekuwa akipita na chuma begani akasimama, akaingia uani, akamwona muzee amesimama na spana mkononi, hapumui.

"Iko inawaka?" aliuliza Exaucé.

Zakaria hakumsikia. Alikuwa akimtazama mkewe. Aziza alishuka, akaja mpaka karibu yake, akasema polepole, "Namsikia kuku wa jirani."

Exaucé akampa Zakaria mkono, akautikisa kwa muda mrefu.

Walikwenda Nyanza-Lac Jumapili hiyo, bila kungoja Idi, kwa petroli iliyobaki kwenye kidumu. Mawese yalikuwa kwenye masanduku, ziwa liko kulia, michikichi iko kushoto, na Aziza ameegemeza kidevu begani kwa mumewe. Kabla hawajatoka mjini alianza kuongea. Alisema kuhusu mjukuu wa Mwasiti, kuhusu bei ya ndagala, kuhusu mkwe wao asiyepiga simu. Kinywa chake kilikuwa karibu kabisa na sikio la Zakaria, na moshi ulikuwa ukitoka nyuma yao kwa sauti ya mtu anayeguna usingizini. Zakaria alisikia kila neno. Alipunguza mwendo ili njia isiishe upesi.

Walipoingia uani kwa Mwasiti, hakuna aliyetoka kuwapokea. Zamani mtaa mzima ulikuwa ukijipanga barazani kabla hawajakata kona. Sasa Mwasiti alikuwa ameinama juu ya turubai, akianika ndagala, mgongo amewapa.

"Hodi," alisema Aziza.

Mwasiti aligeuka, akaona pikipiki ile kubwa imesimama hatua chache kutoka kwake na dada yake juu yake, akaweka mkono kifuani.

"Mmekuja na nini?" aliuliza. "Mmeisukuma?"

"Tumekuja nayo inawaka," alisema Zakaria, akateremsha mawese.