Jina la Kujipachika

Nilirudi likizo kutoka bweni nikiwa na cheo kimoja tu nilichokithamini duniani: mimi ndiye niliyekuwa masikio ya dada yangu. Tangu homa imwachie uziwi, nilikaa mkabala naye mezani na kumtamkia polepole yote yaliyosemwa. Nilifikisha ujumbe kwa uaminifu mkubwa, isipokuwa pale shangazi aliposifia watoto wa watu. Hapo nilifanya masahihisho.

Likizo hii nikakuta cheo kina mwenyewe.

Aliitwa Vifungo, msichana mrefu anayeshona na dada kwenye karakana ya sare, kiziwi tangu kuzaliwa, na alikuwa amekalia kiti changu bila hata chembe ya haya. Mikono yao ilikwenda mbio, mara dada akaangua kicheko, kile cha tumboni, ambacho mimi na vituko vyangu vyote hatukuwahi kumtoa tangu augue.

"Anasemaje?" nilimuuliza, nikitanua midomo aisome.

"Ni ndefu," dada akasema. "Nitakwambia baadaye."

Naijua hiyo baadaye. Ndiyo niliyokuwa nikimpa yeye kila shangazi alipoanza hadithi. Haifiki.

Nilivumilia siku tatu, wivu umenikaba shingoni kama tai ya shule. Kisha nikapata mpango. Niliona kwamba viziwi huitana kwa majina ya alama. La dada ni kidole kinachopita juu ya nyusi, kwa sababu nyusi zake husema kabla yake. Basi nami nikajitungia jina. Simba: makucha mawili hewani na mngurumo usio na sauti. Nikalifanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka mama akauliza kama nimekula kitu kibaya.

Jumamosi, kazi ilipokwisha, nikamfuata dada karakanani. Mafundi, wote viziwi, walikuwa wamesimama duara kati ya meza za kukatia, kila mmoja akiwaona wenzake wote. Nikapenya hadi katikati, nikajipiga kifua, nikatoa makucha.

Mikono yote ikasimama. Halafu Vifungo akapiga meza kwa kofi, na sakafu ikatetemeka kwa miguu ya watu wanaocheka.

"Umejipa mwenyewe hilo?" dada akaniuliza, akifuta machozi.

"Kwani linauzwa wapi?"

"Mtu hajipachiki jina, mdogo wangu. Viziwi ndio wanaokupa, wakishakujua."

"Basi wanipe."

"Wamjue nani? Umeingia, umenguruma. Hujamsalimia mtu."

"Na wewe alikupa nani?"

Alimtazama Vifungo tu, na kwa mtazamo ule ningeweza kuuma cherehani.

Vifungo akanishika mabega, akanisogeza pembeni taratibu, kama mtu anayehamisha kabati. Kumbe nilikuwa nimewaziba. Waliosimama nyuma yangu hawakuona mikono ya waliokuwa mbele. Mazungumzo yakaendelea. Wakaagana, wakaongea tena, wakaagana upya. Dada hakugeuka kunitazama hata mara moja, wala hakuwa na sababu.

Nikaona waziwazi kwamba nikiondoka hivi, nimekwisha.

Nikamgusa Vifungo begani, dada naye akageuka. "Dada, mwambie anifundishe."

Dada akakunja mikono. "Mwambie mwenyewe."

Sikuwa na hata alama moja. Nikajinyooshea kidole, nikamnyooshea dada, nikainua viganja vyangu vitupu mbele ya adui yangu, nikavitikisa kama mjinga. Vifungo alinitazama muda mrefu, ule wa makusudi. Kisha akanishika vidole, akavinyoosha kimoja kimoja, akavipanga, akavipeleka panapotakiwa.

"Hiyo ni 'dada'," dada akasema. "Umeikosea. Rudia."

Nikarudia. Nikarudia tena, macho ya dada yakiwa kwangu safari hii, huku moyoni nikimwombea mwalimu wangu sindano ya kumchoma kidole. Ndogo tu.