Ukingo wa Hela Tano

Kama yupo mtu Mzenga aliyewahi kumpenyezea Vailet Lucian korosho mbovu, basi huyo alishahama na siri yake. Kwa misimu tisa Vailet alikuwa mkaguzi wa chama cha wakulima, na misimu yote tisa kazi aliifanya kwa namna moja. Ukileta gunia, zile korosho za juu hazitazami kabisa. Anachukua bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea magunia, anakizamisha ubavuni, kisha chini, kisha katikati, halafu zilizotoka anazimwaga kwenye sinia na kuzipasua moja moja.

"Za juu umenipangia," alizoea kumwambia mwenye gunia. "Mimi nipe ambazo hukuzipanga."

Watu walimwogopa, walimsengenya, na walijivunia kuwa naye. Korosho za Mzenga zikifika mnadani, wanunuzi hawakubishania daraja. Na yeye mwenyewe, tusifichane, alijivunia kuliko wote. Ule ua wa ghala aliutembea kama mwenye nyumba.

Penzi lake la pili lilikuwa sarafu za kale. Lilianza siku jembe la mama yake lilipofukua sarafu ya Mjerumani kwenye tuta la muhogo. Sasa alikuwa nazo thelathini na moja, kila moja ndani ya kipakiti cha dawa cha zahanati, mwaka wake umeandikwa juu kwa kalamu. Aliyoikosa ni hela tano ya Mjerumani, ile kubwa ya shaba yenye taji, inayokaribia kujaza kiganja.

Mwezi wa tisa hela tano ikatokea kwenye ukurasa mmoja wa mnada wa sarafu mtandaoni, muuzaji yuko Kibaha. Picha zilikuwa mbili, mbele na nyuma. Sarafu ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa chekundu kilichokunjwa kuizunguka pande zote, na taa ya manjano imeimulika taji likang'aa. Vailet aliipanua picha kwa vidole viwili mpaka akaona kila jani la shada lililochorwa nyuma yake. Mtu akapanda bei, naye akapanda. Mtu akapanda tena, naye akamfuata bila hata kuketi. Saa kumi na mbili jioni mnada ulipofungwa, jina lake ndilo lilikuwa juu. Alipiga kigelegele peke yake jikoni, na jirani akauliza nani kajifungua.

Siku ya tatu alipanda bodaboda hadi Mlandizi, akaunganisha basi mpaka Kibaha, Maili Moja, kwenye duka alikoachiwa kifurushi. Alikifungua pale pale kaunta. Taji lilikuwepo na shada lilikuwepo. Lakini kidole gumba chake, ambacho kwa mazoea ya kazi hakingojei macho, kiliuzunguka ukingo kikakwama. Zamani mtu aliifanya sarafu ile kidani. Kipete cha kuning'inizia kilikuwa kimekatwa, pengo likazibwa kwa lehemu, kisha likapigwa tupa. Alipoitoa nje juani akaona na rangi yake: ilikuwa imesuguliwa ikawa nyekundu kama sufuria ya shaba iliyopigwa limao na majivu. Kile kitambaa kilificha ukingo, na ile taa ikaficha rangi.

Alimpigia simu muuzaji.

"Mama, picha si uliziona?" yule kijana alimjibu bila haraka. "Mnada ukifungwa umefungwa."

"Picha niliziona. Mbona ukingo hukuuonyesha?"

"Hukuuliza ukingo, mama."

Njia nzima ya kurudi alilirudia neno hilo. Hukuuliza. Misimu tisa anawaumbua watu kwa korosho za juu, na leo yeye, Vailet Lucian, kanunua za juu! Hasira alikuwa nayo, lakini aibu ilizidi, ile aibu ya kuchoma masikio. Na ilimjia wakati mbaya. Jumamosi ya wiki ile wakulima wangekutana kuchagua mkaguzi wa msimu mpya, na kwa mara ya kwanza alikuwa na mshindani.

Mshindani mwenyewe alikuwa Isihaka Husseini, msaidizi wake, kijana wa miaka thelathini aliyekijua vizuri kipimo cha unyevu na aliyekuwa akisema vijiweni kwamba macho ya Mama Elinipa, kama wengi walivyomwita Vailet, yameshachoka. Vailet akaamua sarafu ile haitaonwa na mtu. Aliisukumia chini ya nguo zake za kanisani, akafunga kabati.

Jumatano, muuzaji yule yule akaweka mnadani rupia ya fedha. Kitambaa chekundu ni kile kile, kimekunjwa vile vile, na taa ni ile ile. Vailet akasonya. Kisha akateremsha macho kuona nani amepanda bei, akakuta jina lililo juu: Isihaka Husseini.

Habari za sarafu Isihaka alifundishwa na Vailet mwenyewe, ghalani, wakati wa chai, na Vailet alijua kijana anataka kumpita hata huko. Mnada ungefungwa kesho yake jioni. Akinyamaza, Isihaka ataliwa kama alivyoliwa yeye, watakuwa sare, na Jumamosi hakuna wa kumcheka mwenzake. Akisema, itabidi aseme alivyojua, na alijua kwa sababu amepigwa. Hapo atakuwa amemkabidhi Isihaka fimbo ya kumchapia mbele ya mkutano.

Alizunguka uani, akafagia palipokwisha kufagiwa. Si mtoto yule, alijiambia, ana macho yake. Halafu akajiuliza: lini niliona gunia limepangwa nikalipitisha kwa sababu atakayeuziwa simpendi? Hakupata hata siku moja. Na kwa hilo, pamoja na aibu yote, akajisikia mtu mzima tena.

Asubuhi yake aliitoa hela tano kabatini, akaiweka juu ya sahani nyeupe, juani. Akaipiga picha mbele, akaipiga nyuma, kisha akaisimamisha na kuupiga ukingo huku akiigeuza kidogo kidogo mpaka lehemu ikaonekana wazi kama kiraka cha suruali. Picha zote akaziweka chini ya ule mnada wa rupia, akaandika:

"Mimi ni Vailet Lucian wa Mzenga. Nilinunua hapa kwa picha ya kitambaa kama hiki, na hii ndiyo niliyoipata. Mwambieni muuzaji aitoe rupia kitambaani, aushike ukingo, aipige juani. Kama ni nzima hatakataa."

Watu walimwambia. Muuzaji hakujibu hata mmoja, na kabla ya adhuhuri rupia ikaondolewa mnadani. Kufikia alasiri habari ilikuwa imeenea Mzenga nzima. Kwenye kundi la simu la chama mmoja aliandika, "Mkaguzi kakaguliwa," mwingine akaandika, "Mbuzi kwenye gunia hiyo," na vicheko vikafuata mpaka jioni.

Jumamosi Vailet alivaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, akaenda akakaa mstari wa mbele. Mzee Amiri, mwenyekiti, alitaja majina mawili. Isihaka akapewa nafasi kwanza, na kila mtu aliijua fimbo iliyokuwa mkononi mwake. Alizungumza habari za kipimo cha unyevu. Alipomaliza akabaki amesimama.

"Mwenyekiti, kuna jingine. Ile rupia, aliyekuwa juu ni mimi. Jina langu lilionekana, na Mama Elinipa alilisoma. Alijua anamwokoa nani." Akaketi.

Vailet akasimama. Sarafu ilikuwa kiganjani, akampa mtu wa jirani aipitishe.

"Ishikeni, mpitishe kidole ukingoni. Nimepigwa, sikatai. Nilitazama za juu kwa sababu nilikuwa na tamaa, na sikuuliza ukingo. Kosa langu. Kama hamtaki mkaguzi aliyepigwa, chagueni Isihaka. Nimemfundisha mimi, hawezi kuwaangusha. Lakini mkinichagua, bambo litaingia kwenye kila gunia, na la kwangu litachomwa la kwanza."

Sarafu ilizunguka mpaka ikafika kwa Bi Swaumu, mkulima mzee kupita wote mle ukumbini. Aliishika muda mrefu, kidole chake kikienda na kurudi kwenye lehemu. Kisha akainuka taratibu, akiegemea bega la aliyekaa mbele yake.

"Vailet, mwaka juzi ulinirudishia gunia langu mbele za watu. Mimi, na uzee huu. Nikalibeba mpaka nyumbani ninalia, na tangu siku ile salamu yako naiitikia kwa mdomo tu."

"Nakumbuka, bibi," Vailet alisema.

"Leo umelirudisha la kwako, mbele za watu wale wale." Akamgeukia mwenyekiti. "Amiri, unangoja nini? Andika jina lake."