Choo cha Chini ya Ngazi

Nyumba yetu ni nyembamba, imepanda juu badala ya kutanuka, na choo chake kiko ghorofani. Baba mkwe ndiye aliyeijenga hivyo, enzi ambazo magoti yake hayakuona tofauti kati ya ngazi na sakafu. Aliijenga kidogo kidogo akiwa bado kazini mahakamani, ambako alikuwa akisimama mlangoni na kuwaamrisha watu wanyamaze hakimu anapoingia. Mpaka leo mtaa mzima unamwita Mzee Kimya, na ukikaa naye hutauliza kwa nini.

Kisha akapatwa na kiharusi. Mkono ulirudi, lakini mguu wa kushoto ukagoma. Tukamwekea kitanda sebuleni, na mume wangu akawa anambeba mgongoni kumpandisha chooni asubuhi kabla ya kwenda kazini, na tena jioni akirudi. Mchana palikuwa na ndoo yenye mfuniko. Mtu wa kuimwaga ndoo hiyo nilikuwa mimi, mkwewe, maana mimi ni fundi cherehani na kazi yangu naifanyia nyumbani. Baba mkwe alipolielewa hilo aliacha kula mchana. Alisema hasikii njaa.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akaja kutoka mji wa mbali anakoishi.

"Baba namchukua," alisema kabla hata hajavua viatu. "Kwangu hakuna ngazi."

Baba mkwe aliutazama ukuta alioupiga lipu kwa mikono yake. "Nyumba hii naijua hata gizani," alisema. "Huko kwako hata swichi ya taa sijui iko wapi." Mimi moyo uliniuma. Mzee yule alinipokea siku ya kwanza naingia humu kama bintiye wa kumzaa, na sikutaka aondoke.

Ndipo tukamwita fundi bomba, mtu wa maneno mengi na mkoba mzito. Alizunguka nyumba, akagonga kuta, akapiga magoti chini ya ngazi, pale tulipokuwa tukiweka mafagio na madumu.

"Choo cha kawaida hapa chini sahauni," alisema. "Bomba la maji machafu limepita nyuma, na liko juu kuliko sakafu yenu. Uchafu haupandi mlima. Labda nichimbue nyumba nzima. Lakini ipo aina nyingine, choo cha kusaga."

"Kinasaga nini?" aliuliza wifi.

"Hicho hicho unachokifikiria, dada yangu."

Wifi akashika pua, kana kwamba kimeshafika. Fundi akatueleza. Nyuma ya bakuli linakaa kasha, ndani yake mna visu na pampu. Ukivuta maji, visu vinasaga, pampu inasukuma, na kila kitu kinapanda kwa kabomba kembamba kanakopita ukutani mpaka kwenye bomba kubwa. Huvunji sakafu, hubomoi ukuta, na unakiweka popote penye maji na umeme.

"Na ubaya wake?" aliuliza mume wangu, ambaye haamini kitu kizuri mpaka kimtajie ubaya wake.

"Upo. Umeme ukikatika hakifanyi kazi. Msivute maji wala msimwage ya ndoo, kasha litajaa na litawarudishia. Tena hakitaki kitu kingine humo: si pamba, si kitambaa, si uzi." Hapo alinikazia macho mimi. "Uzi ukijizungusha kwenye visu mtaniita, na sitakuja nikicheka. Halafu kuna kelele. Kinanguruma."

Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu chumba changu cha kushonea kimepakana na ile nafasi ya chini ya ngazi, na kinachotutenganisha ni ubao tu. Wakaniuliza kama nitaweza. Wifi alifikiri nitaumwa kichwa. Mume wangu alipendekeza nihamishie cherehani juu. Mimi mdomo wangu hauna breki, nikasema, "Nashinda na cherehani ya umeme masikioni kutwa nzima. Hicho kitanifanya nini?" Tukacheka, mambo yakaisha. Baba mkwe alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti chake, na hakuna hata mmoja wetu aliyemgeukia.

Choo kikawekwa, na kwa kweli kilikuwa kizuri. Cheupe, kina kishikio ukutani, na mlango wa kusukuma pembeni ambao hata mtu wa mkono mmoja anaumudu. Siku ya kukijaribu fundi alivuta maji, na nyumba nzima ikasikia mngurumo kama wa mashine ya nafaka iliyomeza kijiko. Mume wangu alipiga makofi. Wifi aliondoka ameridhika nusu, akaacha neno kwamba atarudi kumtazama baba, na akimkuta amedhoofu hatasikia la mtu.

Tukadhani tumemaliza. Lakini baba mkwe akaanza kunirudishia vikombe vya chai vikiwa vimejaa. Ya asubuhi ataonja, ya saa nne hataigusa, na maji nikimwekea mezani nayakuta vile vile na vumbi juu. Nilijisikia vibaya. Nilibadilisha majani ya chai, nikapunguza sukari, nikaongeza sukari. Nikamuuliza kama chai yangu ina tatizo.

"Chai yako haina tatizo, mama," alisema. "Mimi ndiye sina kiu."

Kikaanza na kingine. Akawa ananituma dukani. Nimeinamia pindo la sketi, nasikia, "Mama, samahani, nichukulie kibiriti." Naacha kazi, naenda, naleta. Kesho yake tena, kibiriti. Jiko letu ni la gesi, kibiriti kimoja kinatutosha mwezi mzima, na sigara baba mkwe aliacha kabla hata sijaolewa. Nikimwambia vipo anasema hivyo vina unyevu, nitafute vingine, na kama duka la karibu hawana niende lile la kona. Nilikuwa naondoka nimevimba. Kisirisiri nilijiambia kwamba mzee amenichoka, hataki kuniona.

Macho yakaanza kumwingia ndani na midomo kumpasuka. Tukampeleka hospitali. Daktari alimbana ngozi ya mkono, akaiangalia ikichelewa kurudi, akatugeukia.

"Huyu mzee hanywi maji. Mnamwangalia kweli?"

Wifi alipopata habari alipiga simu papo hapo. "Kumbe maji tu yanawashinda? Jumamosi nakuja kumchukua, na nguo zake nizikute zimefungwa." Nilikaa jikoni nikalia kwa hasira, maana nilikuwa ninampenda yule mzee na sikujua nimemkosea nini.

Siku iliyofuata alinituma tena kibiriti. Nilifika nusu ya njia nikakumbuka nimeacha pochi juu ya meza, nikarudi. Kufungua mlango tu, nikasikia choo kinanguruma chini ya ngazi. Baba mkwe alitoka taratibu, mkono ukutani. Aliponiona pale mlangoni uso wake ulibadilika. Sijawahi kumwona mtu mzima ameaibika kiasi kile.

"Umerudi mapema," alisema.

"Nimesahau pochi, baba."

Nikachukua pochi nikatoka. Safari hii sikwenda popote, nilisimama nyuma ya nyumba nikiwa nimeegemea ule ukuta wake, mambo yakijipanga yenyewe kichwani. Vile viberiti vyote kwenye droo. Chai iliyorudi imejaa. Mzee alikuwa akinitoa nyumbani ili apate kwenda chooni, na hanywi ili asiwe na sababu ya kunituma mara nyingi. Tulipima kelele zile mbele na nyuma, tukauliza zitamkera nani, na hakuna aliyejiuliza zinamtoka nani. Mtu aliyekuwa akinyamazisha mahakama nzima, sisi tumemfungia king'ora. Na anayemsikia ni mke wa mwanawe, nyuma ya ubao! Nilitukasirikia sote, na mimi nikiwa wa kwanza.

Kesho yake, Ijumaa, nilikaa kwenye cherehani mapema nikapaza sauti. "Baba, leo nina sare za shule, kazi imenifika shingoni. Hii mashine itapiga kelele kutwa. Utanivumilia."

"Shona, mama," alisema.

Nikashona. Nikisikia kiti chake kinalia, nakanyaga pedali mpaka mwisho. Sare zilikwisha mapema, nikaendelea kushona vitambaa vya kutupa, mistari juu ya mistari, vikawa vigumu kama makapeti. Baba mkwe alikwenda na kurudi, na hakunituma dukani. Nilijiona mjanja sana. Lakini nilipompelekea chai alipokea, akashukuru, akaiweka chini. Moyo ukanishuka. Jumamosi ilikuwa kesho, na nguo zake nilikuwa bado sijafunga hata moja.

Mchana ule akaingia tena chini ya ngazi. Nikakanyaga pedali. Nikiwa katikati ya mstari, cherehani ikazima. Feni ikazima. Nyumba nzima ikawa kimya, na katika kimya hicho nikasikia shati la baba mkwe likisugua ubao. Sikuthubutu hata kusogeza mkasi.

"Mama," alisema. "Upo?"

Ningeweza kujifanya sipo. Nilifikiria kunyata nitoke. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo, nami sikuwa na moyo wa kumwacha peke yake humo.

"Nipo, baba. Umeme umekatika. Usivute maji."

"Najua. Fundi alisema. Basi sitoki. Siwezi kutoka nikaacha hivi."

"Usitoke. Tutangoja wote."

Tukangoja. Kisha akauliza jambo ambalo nadhani alikuwa nalo tangu siku ya kwanza. "Huko ulipo, huwa unasikia?"

Mdomo wangu hauna breki, nimeshasema. "Nikishona sisikii. Nisiposhona, nasikia."

Nikaona nimeharibu, nikaamua bora niharibu mpaka mwisho.

"Baba, na mimi nikuulize. Kuta za nyumba hii umezijenga wewe, unazijua. Mimi na mwanao tukigombana huko juu, hapa chini unasikia?"

"Mh," alisema.

"Unasikia, husikii?"

"Nasikia, mama. Yote."

"Hata ile siku niliyomwita bata mzee?"

"Hiyo ulikuwa na haki."

Nilicheka, na upande wa pili nikasikia anahema kama mtu anayejizuia kucheka. Nikasema, "Tangu niolewe humu nimepiga kelele zangu zote, baba. Nimelia humu, nimetukana humu. Na hakuna asubuhi hata moja uliyonitazama vibaya. Unafanyaje?"

"Nanyamaza tu. Ni mambo yako. Asubuhi nakuona wewe, sizioni kelele."

"Basi na mimi ni hivyo hivyo. Mbona mimi hutaki ninyamaze? Unataka ufe kwa kiu, wifi akuchukue, mimi nibaki na nani humu wa kunijua?" Hapo sauti ilinikatika, na sikuificha.

Nilimsikia akishika kile kishikio cha ukutani, akakiachia.

"Vile viberiti," alisema hatimaye. "Umevigundua."

"Vimejaa droo, baba. Wezi wakija watadhani tuna kiwanda."

Safari hii hakujizuia. Alicheka, kicheko kizito cha kifuani ambacho sikuwa nimekisikia tangu augue, kikamletea kikohozi, akacheka tena juu ya kikohozi. Na katikati ya kucheka kwake feni ikaanza kuzunguka, taa ya cherehani ikawaka. Nilipeleka mguu kwenye pedali kwa mazoea.

"Acha," alisema. "Usikanyage."

Nikauondoa mguu. Akavuta maji, na kile choo kikanguruma kwa nguvu zake zote, ubao ukatetemeka mpaka mkasi ukatambaa mezani. Hatukusemezana mpaka kikamaliza.

Alitoka taratibu, mkono ukutani, akasimama kwenye mlango wa chumba changu. Hakuinamisha uso. Aliangalia vile vitambaa vyangu vya mistari sakafuni, akatikisa kichwa.

"Sare gani hizo?" aliuliza.

"Za shule ya vichaa, baba."

"Mpigie wifi yako. Mwambie akija kesho aje kusalimia tu." Akageuka kuelekea kwenye kiti chake, kisha akasimama. "Na hiyo chai imepoa. Nitengenezee nyingine, kwenye kile kikombe kikubwa."

Nikaenda jikoni, nikabandika maji, nikavuta droo. Kibiriti sikukikosa.