Misumari Kumi na Saba

"Misumari yangu iko wapi?"

Mama Fagio aliisikia sauti ya mtaalamu wa mambo ya kale, akalishika gunia lake la taka. Miaka ishirini ameufagia uwanja huu wa jiji. Uwanja ukichimbwa shimo, si nalo lifagiwe? Basi asubuhi alishuka akafagia, na vile vijisumari vyenye namba akaving'oa, akidhani uchafu. Lo! Kumbe jiji lilikuwa likifukua nyumba ya kale, kila msumari ulionyesha mahali kitu kilipopatikana, na saa kumi wakazi wangekuja kutazama.

Kibarua kimeota nyasi. Na mume yuko kitandani, nani atamlisha?

"Ni mimi, mwanangu," akasema. "Nimeizoa yote."

Mtaalamu, binti wa rika la kitinda mimba wake, alijishika kichwa. "Mama! Nitajuaje upi ulikuwa wapi?"

"Misumari huchana gunia. Naichomeka kwenye tambara, mmoja baada ya mwingine." Akalikunjua tambara. "Na mimi huanzia bombani, namalizia getini. Siku zote."

Wakapiga magoti. Tundu kwa tundu, msumari kwa msumari, mtaalamu akilinganisha na daftari lake. Kumi na sita ilirudi. Msumari namba tisa haukuonekana, na watu walishajaa kwenye kamba iliyozunguka shimo.

"Simama penye tundu lake wewe mwenyewe," mtaalamu akasema. "Usitikisike."

Akasimama kama mwizi aliyekamatwa. Mtaalamu alieleza jiko, akaeleza kisima, watu wakishangaa: kumbe mtaa wao ni wa kale kiasi hicho! Kisha bibi mmoja mwenye mkongojo akamgeukia.

"Na hapo ulipo wewe, palikuwa na nini?"

Macho yote kwake. Akatazama chini: jiwe pana, limelika katikati, kama lile la nyumbani kwake analolifagia kila kukicha.

"Mlango," akanong'ona. "Walikuwa wakipita hapa."

Mtaalamu alifungua daftari, kidole kikashuka hadi namba tisa, kikatulia hapo, penye neno "mlango". Kwa mbali Mama Fagio aliona kidole tu. Nimekosea tena, akawaza, nimekwisha.

Bibi akavua ndala zake, akaziweka pembeni.

"Hodi," akasema.

Mama Fagio alikuwa ameambiwa asitikisike. Akasogea, akampisha.