Mji Aliopewa Loisi

Loisi binti Yonasi alikuwa na dada mmoja tu, Tabita, na siku ile dada yake alipofukiwa na udongo, Katibu Kefa alifika msibani na karatasi mfukoni.

Lakini tusikimbie. Mwaka ule wa sabini na tano watu wa Nansele, huku upande wa Isansa, walikuwa wamekwisha kuhamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, shule ipo, ofisi ipo. Maji ndiyo hayakuhama. Yalibaki kulekule mlimani, mwendo wa saa nzima kupanda, na kushuka na ndoo kichwani ni zaidi. Wanawake wakachoka kungoja. Wakaunda Umoja wa Maji, wakaanza kuchimba mtaro wa kulaza mabomba, kutoka kwenye chemchemi mpaka uwanja wa shule, kwa majembe yaleyale ya kupalilia kahawa, watoto mgongoni. Tabita ndiye aliyekuwa mbele siku zote. Alikuwa mwanamke wa kucheka, mwenye mikono mikubwa, na akishika jembe hataki mtu amzungumzie habari ya kupumzika.

Umoja ulihitaji mtu wa kuandika barua, wakamchagua Kefa awe katibu, mtoto wa palepale aliyesoma hadi darasa la kumi. Na barua alijua kuziandika, hilo asinyimwe. Mabomba yalikuja kwa barua zake, kutoka kwa watu wa misaada ng'ambo ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Aliandika na magazetini pia. Aliwaambia wanawake kwamba kazi isiyotangazwa ni nusu ya kazi, nao wakaitikia kwa kuwa hawakuona ubaya.

Alipokuja mpiga picha, Kefa aliazima majembe mapya kwenye ghala la ushirika. Akawavua wanawake vitambaa vya kichwani vilivyochakaa, akawapanga wafupi mbele warefu nyuma, halafu mwenyewe akasimama katikati ameshika sururu. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa kama mgongo wa mende. Tabita alipoviona alicheka mpaka mpiga picha akaomba wangoje, na kwenye ile picha yeye ndiye aliyeziba mdomo kwa kiganja.

Mwezi wa tatu mvua ikazidi. Asubuhi moja ukuta wa mtaro uliporomoka pale penye mteremko, na Tabita alikuwa chini. Walimfukua kwa mikono. Alipotoka hakuwa na pumzi.

Hapo ndipo Kefa alipokuja na ile karatasi, barua ya wafadhili ya kuahidi mabomba. Alimwita Loisi nyuma ya nyumba, mbali na waombolezaji, akazungumza kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye huruma. Alisema wale wafadhili wakisikia kuna mtu amekufa watasimamisha mabomba, wataleta wakaguzi, mtaro utabaki wazi ukiota majani, na Tabita atakuwa amekufa bure. Tuseme homa, alisema. Na siku ya ufunguzi kutakuwa na jiwe la kumbukumbu, jina la Tabita litachongwa juu kabisa, kabla ya majina yote. Loisi aliwatazama watoto watatu wa dada yake, akaufikiria ule mlima na zile ndoo, akakubali. Watu waliokuwepo mtaroni wakaombwa wanyamaze, wakanyamaza. Mchungaji aliyetoka mbali kuja kuzika alipouliza ugonjwa, ni Loisi mwenyewe aliyemjibu kwamba ilikuwa homa.

Mwaka ukapita. Mabomba yakalazwa, maji yakateremka. Wakati huo kulikuwa na mfanyabiashara wa Tunduma, Mwanaasha, ambaye alikuwa akija Nansele siku za gulio na chumvi, khanga na vitenge vya Zambia, kwenye lori la mumewe, Shaban. Chumvi aliifunga kwenye magazeti ya zamani. Loisi, aliyesoma hadi darasa la nne, alikuwa na tabia ya kusoma kila karatasi kabla ya kuitia motoni, na siku moja akakunjua kifungu cha chumvi akakuta ile picha. Dada yake yupo nyuma, ameziba mdomo. Chini imeandikwa kwamba Ndugu Kefa ameongoza wananchi kuleta maji, na kwamba kazi yote imekamilika bila mtu hata mmoja kuumia.

Aliikung'uta chumvi, akaikunja karatasi, akajisemea kwamba bado jiwe.

Jiwe likaja na lori la Shaban kutoka mjini, limeviringishwa gunia. Mwanaasha alimwita Loisi waje walitazame pamoja. Wakafunua. Lilikuwa limechongwa vizuri, herufi zimetiwa rangi nyeusi: jina la kijiji, mwaka, na jina la Kefa. Loisi akapapasa kwa vidole mpaka ukingoni, kama kwamba jina lingine lingeweza kuwa limechongwa jembamba macho yasilione. Halafu akaenda ofisini.

"Jina la dada yangu liko wapi, Katibu?"

Kefa hakuinua kichwa. Alisema jiwe lilikuwa dogo.

"Uliniahidi msibani."

"Mama, fikiri kidogo," akasema Kefa. "Watu watauliza, aliyekufa kwa homa anaingiaje kwenye jiwe la maji? Nitawajibu nini? Aliyesema homa ni wewe. Mchungaji alisikia kwa mdomo wako."

Loisi alirudi nyumbani, akachukua ulezi na kuanza kusaga. Alisaga siku tatu. Unga ulikuwa umekwisha kuwa laini siku ya kwanza, yeye anasaga tu, na majirani waliopita walimsalimia mara moja wasirudie. Hakulia. Alikuwa akimtafutia Kefa mahali pa kumshika, na kila alipopapasa alikuta mkono wake mwenyewe umetangulia, maana ni kweli, ule uongo ulitoka kinywani mwake. Akienda kwa mkubwa yeyote ataulizwa kwa nini hakusema zamani.

Siku ya nne Kefa alijileta mwenyewe, mchangamfu, na ratiba mkononi. Siku ya ufunguzi atakuja mgeni rasmi kutoka mkoani, na watu wa redio watakuja na mashine ya kunasa sauti. Redio inapenda utamaduni, alisema. Kutakuwa na ngoma, kutakuwa na shairi la watoto wa shule, na kutakuwa na vitendawili, kwa sababu Nansele nzima inajua kwamba kwa vitendawili Loisi hana mwenzake. Loisi atatega, na yeye Katibu, kama mtu wa watu, atajibu. Alikuwa amekitunga mwenyewe: ng'ombe wangu mmoja ananywesha kijiji kizima. Jibu, bomba.

Loisi aliacha kusaga.

"Kizuri," akasema. "Ila usijibu haraka, Katibu. Jikune kichwa kidogo. Wataamini."

Kefa alifurahi sana. Wakafanya mazoezi mara tatu, akijikuna kichwa mara zote tatu.

Jioni ile Loisi alianza kuzunguka nyumba za wenzake wa mtaroni, moja baada ya nyingine. Hakuwaeleza mengi. Aliwaomba jambo moja tu, kwamba siku hiyo atakapotega, anayejua jibu alimeze, na awabane na wanawe. Wengine walimtazama usoni wakaelewa. Mmoja alimuuliza kama haogopi. Alijibu kwamba kuogopa alikumaliza mwaka jana.

Siku ikafika. Uwanja wa shule ulijaa, maua yamefungwa kwenye nguzo, jiwe limesimamishwa kando ya bomba na kufunikwa kitambaa. Mgeni rasmi alikuwa mzee mnene mwenye kicheko cha karibu. Mtu wa redio, Athuman, alikuwa na mashine yenye magurudumu mawili yanayozungusha utepe, na kipaza sauti alichokisogeza mdomoni mwa kila aliyesema. Ngoma ikachezwa. Shairi likasomwa. Kefa akahutubia; akasema mtaro ulichimbwa kwa furaha na umoja, bila hata mtu kukwaruzika. Wanawake wakapiga makofi mepesi.

Kisha Loisi akaitwa. Alisimama na khanga mpya aliyopewa na Mwanaasha. Athuman akamsogezea kipaza sauti.

"Kitendawili."

"Tega," uwanja mzima ukaitikia, na mgeni rasmi naye.

"Alichimba maji, maji yakaja, yeye hakuyaonja."

Kefa alikuwa amekwisha kupeleka mkono kichwani kujikuna. Mkono ukabaki palepale.

Mgeni rasmi alicheka, akasema hicho kigumu, akajaribu: mvua? Loisi akatikisa kichwa. Akajaribu tena: jembe? Siyo. Akageukia watu, na watu walikuwa wanatazama miguu yao. Wanawake zaidi ya arobaini, na hakuna aliyefungua kinywa. Mtoto mmoja alianza kusema, mama yake akamfunika na khanga.

"Haya Katibu," akasema mgeni rasmi, "okoa jahazi. Hapa ni kwenu."

Sasa mchezo una sheria yake, na Kefa alilelewa nayo. Anayejua hujibu. Asiyejua humpa mtegaji mji, na mtegaji akiukubali huo mji ana haki ya kueleza alivyoukuta, na hapana ruhusa ya kumkata kauli mpaka amalize, awe anayesikiliza ni mtoto au ni mzee. Kefa jibu alilijua. Lakini akilisema, atakuwa amesema kwa kinywa chake, mbele ya mkoa, nani aliyekufa na alikuwa akifanya nini. Akaona heri mji.

"Nimeshindwa," akasema. "Chukua Mbeya."

"Mbeya sina ndugu."

"Chukua Tunduma."

"Tunduma ni ya Mwanaasha. Nipe mji mwingine."

Watu wakacheka. Mgeni rasmi akacheka kuliko wote, akampigia Kefa kofi begani, akamwambia asiwe mchoyo, ampe mama mji mzuri. Kefa akataja Mwanza, akataja Tanga, akataja mpaka Lusaka ya watu wengine. Loisi akakataa yote, anatabasamu, kama bibi arusi anayekataa zawadi ndogo.

"Nataka Nansele," akasema mwishowe.

"Mpe, mpe," watu wakasema.

Kefa akaitazama mashine ya redio. "Chukua Nansele."

"Nimeichukua," akasema Loisi, na tabasamu likaondoka. "Nilikwenda Nansele nikaikuta njema. Nikakuta wanawake wanachimba mtaro, nikamkuta na mwanamume mwenye viatu safi ameshika sururu, anapigwa picha. Nikangoja nimwone akiinua udongo, sikumwona. Nikakuta mvua. Nikakuta ukuta wa mtaro umeanguka, na sisi tunafukua kwa kucha. Tuliyemtoa alikuwa na watoto watatu. Wale pale, wamekaa karibu na bomba. Nikamkuta mwenye viatu msibani, ananiambia niseme homa, na dada yangu atawekwa kwenye jiwe. Na nikamkuta huko Nansele mwanamke mwongo, anaitwa Loisi, akasema homa. Mungu amwone. Leo nimekuta jiwe limefunikwa. Mgeni wetu atalifunua, nami nilishalipapasa. Dada yangu hayumo."

Kefa alimpungia Athuman mkono azime mashine. Athuman alimtazama mgeni rasmi. Mgeni rasmi hakuwa anacheka tena, na magurudumu yakaendelea kuzunguka.

"Mama," akasema mgeni rasmi polepole, "mji umekwisha kuueleza. Sasa tupe jibu."

"Jibu sitoi mimi. Anayelijua ndiye aliyenipa mji. Alidanganya kwamba ameshindwa."

Alikichukua kipaza sauti mkononi mwa Athuman, akavuka uwanja nacho, waya ukiburuta kwenye vumbi, akakishikilia chini ya kidevu cha Kefa. Hakumhimiza. Alisimama tu. Maji yalikuwa yanadondoka bombani, na watu waliyasikia.

"Tabita," akasema Kefa.

"Sema vizuri, Katibu. Redio inapenda sauti."

"Tabita binti Yonasi. Alifukiwa mtaroni."

Mgeni rasmi hakulifunua jiwe. Aliwasogelea wale watoto watatu, akanawa mikono bombani mbele yao, akapanda gari lake. Jiwe likarudi ghalani na gunia lake.

Wiki mbili baadaye kipindi kilitangazwa. Watu walibanana kwa Mwanaasha huko Tunduma, Loisi akiwa mbele. Ngoma ilisikika, shairi likasikika. Kisha sauti ya Loisi ikatega, na mara ileile sauti ya Kefa ikajibu, "Tabita," na mtangazaji akampongeza Katibu kwa kukijua kitendawili cha wazee. Yote ya katikati yalikuwa yamekatwa. Mwanaasha alitukana kwa Kibemba na kwa Kiswahili. Loisi akacheka, cheko la dada yake hasa, na akaomba chai. Nchi nzima imemsikia Kefa akilitaja jina hilo, alisema, na sababu yake Nansele inaijua.

Kefa aliondolewa ukatibu, lakini kijijini hakuondoka. Kwao ni hapo. Tangu siku hiyo bomba likawa na utaratibu. Kila mtu huja akateka maji akaenda zake. Kefa akija, wanawake hufunga koki kwanza.

"Kitendawili," mmoja wao husema.

"Tega," Kefa hujibu, ameinamia ndoo yake.

Nao hutega kilekile, naye hujibu, na sauti ikiwa ndogo huambiwa arudie. Ndipo koki hufunguliwa. Mwaka mzima ilikuwa hivyo, jua na mvua.

Mwisho mkewe, Roda, alikwenda kwa Loisi, akapiga magoti mlangoni. Alisema mumewe amekonda. Alisema hata usingizini anajibu. Akauliza kwa adabu, itakuwa hivi mpaka lini.

Loisi alimwinua, akamkalisha kigodani, akampa togwa. Alimwambia yeye Roda hana kosa, na ndoo yake haitazuiwa siku yoyote, hata akija mara kumi.

"Na mume wangu, dada?"

"Wako bado unaye nyumbani," akasema Loisi. "Mimi wangu nilimfukua kwa kucha. Aje tu kesho, ateke. Jibu analijua."