Posa ya Mjomba

Fundi cherehani alikuwa akipinda shela la mteja, mjomba wake alipoingia, akavua kofia na kuketi bila kukaribishwa. Mjomba huyo ndiye pia baba mkwe wake. Mwanawe mkubwa ndiye aliyemwoa fundi, binamu kwa binamu.

"Nimekuja na posa," mzee alisema. "Binti yako namtaka kwa mjukuu wangu, mtoto wa shemeji yako. Tubaki wenyewe kwa wenyewe. Hata wafalme walioana ndugu kwa ndugu."

"Na walizika watoto wangapi, mjomba?"

Mzee alikunja uso. Chumba cha pili walikuwamo wana wawili wa fundi, wakisikiliza redio. Wa kwanza alipofuka akiwa na miaka tisa, mdogo wake akiwa na minane. Daktari wa macho aliwahi kuwachorea ukoo wao karatasini. Ukoo wa wengine hutanuka kadiri unavyopanda. Mistari ya kwao ilijikunja ikarudi kwa babu na bibi wale wale. Daktari alisema huenda hata binti, anayeona vizuri, ameubeba ugonjwa huo wa kurithi, na binamu yake vilevile.

"Simtoi," fundi alisema.

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote.

"Kwa hiyo sisi tulikosea?"

Fundi aliacha sindano. Huyu alicheza naye tangu utotoni, akampenda kabla hajaambiwa ampende.

"Wewe sijakujutia hata siku moja. Lakini binti simtoi."

"Huwezi kusema yote mawili," mumewe alijibu, akamsindikiza baba yake nje.

Tangu siku hiyo ndugu walimsusa fundi. Mama yake mzazi alipougua, alipata habari kwa jirani. Hata binti hakumshukuru. Kumbe alikuwa amempenda yule binamu, na maneno ya daktari hayakumtoa moyoni. Alikwenda kufundisha mji mwingine, akawa anapiga simu kuzungumza na wadogo zake tu.

Mume hakuhama. Alikula, alilala, alijibu alipoulizwa.

"Mama," mwana mdogo aliuliza siku moja mezani, "mbona baba siku hizi haongei?"

"Amechoka."

"Kila siku?"

Fundi alitazama kiti cha mumewe. Mwenyewe alikuwa amekikalia, anatafuna polepole, macho kwenye sahani.

"Maliza chakula chako," alimwambia mtoto.